Kontena la Meli Kati ya Uganda na Ng'ambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uganda haina pwani. Kontena linaloshushwa Kampala limepita bandari ya nchi jirani, mpaka mmoja au zaidi, na forodha za nchi mbili. Kwa hiyo fedha nyingi hazipotei baharini. Zinapotea nchi kavu: karatasi iliyochelewa, jina lililokosewa, kontena lililokaa bandarini huku mwenyewe akisubiri hati. Majibu mengi hapa chini yanahusu sehemu hiyo, kwa sababu ndiyo mwenye mzigo anayoweza kuidhibiti.

Nipitishe mzigo Mombasa au Dar es Salaam?

Wengi hupita Mombasa. Kutoka hapo hadi Kampala ni kama kilomita 1,170 kupitia mpaka wa Malaba au Busia, na malori yanayofanya njia hiyo ni mengi, jambo linalosaidia bei. Dar es Salaam iko mbali zaidi, zaidi ya kilomita 1,500 hadi Kampala kupitia mpaka wa Mutukula, lakini kwa mzigo wa Masaka, Mbarara au Kyotera tofauti hiyo hupungua. Ni njia ya kuwa nayo Mombasa inapofurika meli au barabara ya Kenya inapofungwa.

Usilinganishe nauli ya meli peke yake. Omba bei ya mzigo hadi mlangoni kwako kwa njia zote mbili, ikiwa na gharama za bandari, lori, na kurudisha kontena tupu. Nafuu ya dola 200 kwenye bei ya meli inaweza kuliwa yote na safari ndefu ya lori.

Nichukue futi 20 au futi 40?

Jiulize kwanza kama mzigo wako ni mzito au ni mkubwa. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita za ujazo 33 hivi na hubeba hadi tani 28 kwa mujibu wa kibao chake. La futi 40 lina mita za ujazo 67, na lile refu la kwenda juu lina 76, lakini uzito linaoruhusiwa kubeba ni karibu uleule wa futi 20. Kwa hiyo vigae, saruji, nondo na marumaru huenda kwenye futi 20: uzito unaisha kabla nafasi haijaisha. Magodoro, vyombo vya plastiki, fanicha na nepi huenda kwenye futi 40 refu.

Kuna mtego mmoja. Meli inaweza kukubali tani 28, barabara isikubali. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na hizo ni jumla ya kichwa, tela, kontena na mzigo. Gari lenye ekseli chache lina ukomo wa chini zaidi. Mwambie msafirishaji uzito halisi kabla kiwanda hakijapakia, maana likikamatwa kwenye mizani ya Mariakani utalipia faini, na pengine lori la pili la kupunguzia mzigo.

Mzigo wangu haujai kontena. Nifanyeje?

Unachangia kontena na wengine. Hapo unalipia kwa mita ya ujazo au kwa tani, ile inayotoa kiasi kikubwa zaidi. Hesabu ni rahisi: katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni mita za ujazo 0.12. Katoni 30 za namna hiyo ni mita za ujazo 3.6.

Mzigo ukikaribia mita za ujazo 13 hadi 15, omba bei ya futi 20 nzima. Mara nyingi bei zinakuwa zimekaribiana, na lako peke yako lina faida ambayo haionekani kwenye ankara: katika kontena la kuchangia, mwenzako mmoja asipolipa kodi au akificha bidhaa iliyokatazwa, mzigo wa kila mtu unasimama.

FOB au CIF, ipi ni nzuri kwangu?

Kwa FOB, muuzaji anaishia kuupandisha mzigo melini na wewe unachagua kampuni ya meli. Kwa CIF, muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari iliyotajwa. CIF Mombasa inavutia kwa sababu unalipa mara moja, ila muuzaji huchagua meli ya bei ya chini yenye siku chache za bure za kontena, kisha wewe ndiye unayelipia siku zinazozidi. Tena bima anayowajibika kukukatia ni ya kiwango cha chini kabisa. Ukishakuwa na wakala unayemwamini, nunua kwa FOB.

Na ukisikia "CIF Mombasa", ujue Mombasa siyo Kampala. Gharama zote za kushusha, kuondosha na kusafirisha kwa barabara bado ni zako.

Ninahitaji karatasi gani, na makosa huwa wapi?

Za msingi ni ankara ya biashara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena ambayo wengi huiita BL, na namba yako ya mlipakodi, TIN. Kutegemea bidhaa, huongezeka cheti cha nchi bidhaa ilikotoka, cheti cha afya ya mimea, na cheti cha ubora kinachotolewa baada ya ukaguzi katika nchi ya muuzaji chini ya mpango wa PVoC wa Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Hicho cha mwisho kinatafutwa kabla mzigo haujapakiwa. Meli ikishaondoka umechelewa, na unabaki na ukaguzi wa huku na adhabu yake.

Hati ya shehena ndiyo ya kusomwa herufi kwa herufi. Mwambie muuzaji akutumie rasimu kabla haijatolewa rasmi, kisha angalia haya. Jina la mpokeaji liwe kama lilivyo kwenye TIN: kama TIN inasema "Enterprises Limited" na hati inasema "Enterprises" tu, utaitwa kueleza. Namba ya kontena iwe na herufi nne na tarakimu saba, na herufi ya nne huwa U. Namba ya sili iwepo. Idadi ya vifurushi na uzito vilingane na orodha ya vifurushi. Na kubwa kuliko yote, ionyeshe waziwazi kwamba mzigo unapita kwenda Uganda. Ikiandikwa Mombasa peke yake bila kutaja transiti, mzigo unaingia kwenye orodha ya mizigo ya meli kama wa Kenya. Kurekebisha orodha hiyo baada ya meli kutia nanga kuna ada, na siku zinazidi kuhesabiwa.

Hati halisi kwa kawaida hutolewa nakala tatu. Zikipotea kwenye posta, kampuni ya meli itadai dhamana ya benki, mara nyingi kubwa kuliko thamani ya mzigo. Kama umekwisha kumlipa muuzaji yote na mnaaminiana, omba mzigo uachiliwe kwa njia ya kielektroniki, ile wanayoiita teleksi. Kama hujamaliza kulipa, muuzaji atashikilia hati, na ana haki. Maliza malipo wiki moja kabla meli haijafika. Usingoje ifike.

Kodi inahesabiwaje?

Msingi wake ni thamani ya CIF: bei ya bidhaa, bima, na nauli ya meli. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vinne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mali ghafi na mitambo ziko chini, bidhaa zilizokamilika ziko juu. Baadhi ya bidhaa, kama sukari na mchele, zina viwango vyake maalumu.

Chukua bidhaa ya kiwango cha asilimia 25 yenye CIF ya dola 10,000:

Ushuru wa forodha, asilimia 25: dola 2,500.
VAT, asilimia 18 ya CIF pamoja na ushuru, yaani ya 12,500: dola 2,250.
Kodi ya zuio, asilimia 6 ya CIF: dola 600.
Tozo ya miundombinu, asilimia 1.5 ya CIF: dola 150.

Jumla ya hizo nne ni dola 5,500, yaani zaidi ya nusu ya thamani. Kodi ya zuio siyo hasara: ni kodi ya mapato uliyotanguliza, idai kwenye ritani yako. VAT nayo inadaika kama umesajiliwa. Wafanyabiashara wadogo wengi huziacha fedha hizo kwa kutojua. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo mzigo unaoingia Julai uhesabiwe upya.

Kushusha bei kwenye ankara ni kujitafutia balaa. Mamlaka ya Mapato, URA, ina kumbukumbu za bei za mizigo inayofanana na wako, na sheria ya forodha inakutaka utunze hati kwa miaka 5. Wakaguzi wanaweza kuja dukani wakati bidhaa zimekwisha kuuzwa na fedha imekwisha kutumika.

Kodi nalipia wapi, Mombasa au Kampala?

Unalipa URA, Uganda, lakini mzigo ukiwa bado bandarini. Huo ndio utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza 2014. Wakala wako anaingiza tamko kwenye mfumo wa URA, unapewa namba ya malipo, unalipa benki, na maofisa wa URA walioko Mombasa au Dar es Salaam wanautoa mzigo. Tamko linaweza kuanza kuandaliwa meli ikiwa bado baharini, na hapo ndipo mwenye mzigo makini anapookoa siku nne au tano.

Kama huna fedha za kodi kwa sasa, mzigo unaweza kusafiri chini ya dhamana hadi ghala la forodha, yaani bondi, ukaulipia kidogokidogo unavyoutoa. Pango la ghala linaendelea kuhesabiwa, kwa hiyo bondi inafaa kwa bidhaa inayouzika polepole kwa faida nzuri. Kwa bidhaa ya faida ndogo, bondi inakula faida yote.

Njiani kontena hufungwa sili ya kielektroniki ya mfumo wa kufuatilia mizigo wa kanda. Lori likitoka kwenye njia iliyoruhusiwa au sili ikiguswa, Nairobi na Kampala zinajua. Mwambie dereva asipitie "kwa shemeji" na kontena lako.

Mbona nimeletewa bili mbili tofauti za kuchelewa?

Kwa sababu wanaokudai ni wawili. Bandari inakutoza kwa kukaa kwenye uwanja wake baada ya siku za bure kwisha. Kampuni ya meli inakutoza kwa kukaa na kontena lake, kuanzia linaposhushwa hadi linaporudi tupu kwenye yadi waliyoitaja. Saa hizi mbili huenda pamoja. Kulipia moja hakusimamishi nyingine.

Siku za bure hujadiliwa kabla ya kupakia. Kwa mzigo wa Uganda, siku 7 hazitoshi, kwani lori peke yake linaweza kuchukua siku 4 hadi 7 kwenda, na kontena lazima lirudi. Omba 21 au zaidi, na zipate kwa maandishi. Uliza pia kontena tupu linarudishwa wapi: kampuni nyingine zinalipokea Kampala, nyingine zinataka lirudi Mombasa, na tofauti yake ni gharama ya lori zima.

Kontena linaporudi, hakikisha limefagiliwa, halina misumari, halinuki, kisha piga picha ndani na nje na udai risiti ya kupokelewa. Bila risiti hiyo, amana yako ina safari ndefu.

Jumla ni siku ngapi?

Kutoka China hadi Mombasa, meli huchukua wiki 3 hadi 5 kutegemea inakopita kubadilisha makontena. Kutoka Dubai ni karibu wiki 2. Safari ya mzigo wa Ulaya ilirefuka tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoanza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogopa mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Ongeza wiki 2 za bandari na barabara. Anayeagiza bidhaa za Krismasi kutoka China apakie mwanzoni mwa Septemba, na akumbuke kwamba viwanda vya huko hufungwa kwa mwaka mpya wao, Januari au Februari, na wiki ya kwanza ya Oktoba.

Nataka kupeleka mazao nje. Naanzia wapi?

Unaanza na nafasi ya meli, kisha unapewa kibali cha kuchukua kontena tupu. Makontena mengi yanayoleta bidhaa Kampala hurudi pwani yakiwa matupu, kwa hiyo nauli ya kurudi ni ndogo kuliko ya kuja. Jadiliana bila haya.

Kabla ya kulipokea kontena, likague. Ingia ndani, mwenzako afunge milango yote miwili, subiri macho yazoee giza, halafu tazama juu na pembeni polepole. Kila nukta ya mwanga ni tundu la maji. Nusa: kontena lililobeba ngozi, samaki au kemikali litahamishia harufu kwenye kahawa, na mnunuzi ataikataa. Pitisha kidole kwenye mpira wa mlango, pasiwe na mpasuko. Sakafu ya mbao iwe kavu, isiwe na doa la mafuta. Lenye kasoro lirudishe palepale, usikubali kuambiwa "hilo dogo".

Kahawa kwa kawaida huenda magunia 320 ya kilo 60 kwa futi 20, yaani tani 19.2. Unyevu wa punje usizidi asilimia 12.5. Tatizo kubwa ni jasho la kontena: mchana bati linapata joto, punje zinatoa unyevu, usiku bati linapoa na unyevu unadondoka kama mvua juu ya magunia ya juu. Tandika karatasi nzito ukutani na juu ya magunia, ning'iniza mifuko ya kufyonza unyevu, na acha nafasi kati ya magunia na paa. Vibali vya ubora sasa viko chini ya Wizara ya Kilimo, ambayo sheria ya 2024 iliikabidhi kazi za UCDA, iliyokuwa mamlaka ya kahawa ya Uganda.

Paleti na kreti za mbao lazima ziwe na muhuri, kwa kawaida wa HT, kuonyesha kwamba mbao zilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Mbao mbichi za fundi wa mtaani zinaweza kurudisha kontena zima.

Kwa mzigo wowote, usiweke zaidi ya asilimia 60 ya uzito kwenye nusu moja ya urefu. Vizito chini, vyepesi juu, na mapengo yajazwe. Meli huyumba kwa majuma, na mzigo uliolegea hupiga mlango hadi uvimbe.

VGM ni nini, na kwa nini meli imekataa kontena langu?

Ni uzito uliothibitishwa wa kontena lililojaa, unaotakiwa kimataifa tangu 1 Julai 2016. Unaupata kwa kupima kontena zima kwenye mizani, au kwa kupima kila kitu kilichoingia, pamoja na paleti na kamba, kisha kujumlisha uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Ukichelewa kuuwasilisha, kontena linabaki chini hata kama ulilipia nafasi.

Narudi nyumbani baada ya kuishi nje. Vyombo vyangu vinatozwa kodi?

Vyombo vya nyumbani vilivyotumika vinasamehewa chini ya Jedwali la Tano la Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kama unahamisha makazi na uliishi nje si chini ya miaka 2. Gari moja linaweza kuingia humo ikiwa ulilimiliki na kulitumia kwa miezi 12. Mzigo ufike ndani ya siku 90 za kurejea kwako, au uombe kuongezewa muda mapema. Andika orodha ya kila katoni kwa namba. "Vitu mbalimbali" ni maneno yanayofungulisha kontena zima mbele ya ofisa. Friji tano mpya si vyombo vya nyumbani, na zitatozwa kama biashara.

Na gari la kununua Japani?

Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na huo ni mwaka wa kutengenezwa, siyo wa kusajiliwa. Magari yenye umri hutozwa pia tozo ya mazingira. Usijaze vipuri na mitumba ndani ya gari bila kuvitaja kwenye hati.

Vitu gani nisiweke kabisa?

Matairi yaliyotumika ya magari madogo na nguo za ndani za mitumba zimekatazwa kuingia. Betri za lithiamu za sola, rangi, manukato na mitungi ya gesi zinaruhusiwa, ila zitajwe kama mzigo wa hatari na ziwe na karatasi ya usalama kutoka kwa mtengenezaji. Kuzificha kunahatarisha mabaharia: betri moja iliyopata moto chini ya makontena mengine ni ngumu kufikiwa na kuzimwa.

Bima ni lazima? Meli hazizami ovyo.

Hazizami ovyo, lakini kuna hasara ya pamoja. Meli ikipata dharura, wenye mizigo wote huchangia gharama za kuiokoa, hata ambao mzigo wao haukuguswa. Ndivyo ilivyotangazwa baada ya Ever Given kukwama Suez Machi 2021. Asiye na bima huweka fedha taslimu ndipo aachiliwe kontena. Chukua bima ya kiwango A, ile pana kuliko zote, kwa CIF pamoja na asilimia 10, na iwe hadi ghalani kwako. Nyingi huishia bandarini, ilhali wizi na ajali hutokea barabarani.

Kontena limefika sili ikiwa tofauti, au mzigo umelowa. Nifanye nini?

Usifungue. Piga picha ya sili na namba yake, ya namba ya kontena, na ya kila pembe. Linganisha na hati ya shehena, kwani wakati mwingine forodha walifungua wakaweka sili mpya na ipo karatasi ya kuthibitisha. Kama haipo, ita wakala, mwakilishi wa kampuni ya meli na mkaguzi wa bima, kisha fungueni pamoja.

Malalamiko yaende kwa maandishi ndani ya siku 3 kwa uharibifu usioonekana kwa nje, na kesi dhidi ya kampuni ya meli hufungwa mlango baada ya mwaka 1. Wajibu wao una ukomo unaohesabiwa kwa kifurushi au kwa kilo, kwa hiyo hati inayosema "kontena 1" bila kutaja katoni 800 zilizomo inaweza kukuacha na fidia ya kifurushi kimoja. Usitupe mali iliyoharibika hadi mkaguzi aione.

Wakala mzuri namjuaje?

Awe na leseni ya URA ya mwaka huu, na jina lake ulihakiki kwa URA wenyewe. Akupe makadirio yaliyochanganuliwa, yakitenganisha kodi, bandari, meli, lori na ada yake. Kodi ilipe wewe mwenyewe benki kwa namba ya malipo iliyotolewa kwenye mfumo, usimkabidhi fedha mkononi. Anayeahidi "kupunguza" kodi atakuacha wewe na deni, maana TIN iliyo kwenye tamko ni yako.